Mbuzi Tuliyemkata Mbele ya Kamera

Mpendwa Nyambura,

Kabla ya salamu nina ombi. Barua hii isome ukiwa peke yako, na ukimaliza usimsimulie mtu hata mstari mmoja. Usimwambie mama yako, wala Otieno, ambaye hajawahi kukaa na neno hadi jioni. Zaidi ya wote, Mzee Gathogo asijue kamwe kwamba nimekuandikia. Aliniambia kwa mdomo wake ninyamaze mpaka urudi, na mimi unavyonijua, sijawahi kumkatalia mzee jambo uso kwa uso. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Nikikupigia simu nitauliza kama mvua imenyesha huko Kigali, halafu nitasema laini ina kelele, halafu nitakata.

Najua utashangaa. Tangu uende tumekuwa tukitumiana vichekesho tu na salamu za sikukuu. Lakini wiki jana baba yako mdogo, Mzee Gathogo mwenyewe, alikuja kazini kwangu, hapa kwenye kiwanda cha chakula cha mifugo ninapofanya ukarani. Alisimama mlangoni mwa ofisi, kofia mkononi, vumbi la pumba likimtua mabegani. Nilimpa kiti, akakikataa. Akanisalimu, "Muthoni, habari ya kazi?"

Muthoni, Nyambura. Mkwe. Mbele ya wenzangu wawili.

Nilidhani ananitania. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniuliza, "Kijana, ulikata mbuzi kwangu Ruiru ama hukukata?"

"Nilikata, Mzee. Lakini ile ilikuwa filamu."

"Sijauliza ilikuwa nini. Nimeuliza kama ulikata."

"Nilikata."

"Basi tunaelewana," akasema, kisha akanieleza mengine taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Watu wa yule rafiki yako mnayefanya naye kazi huko wameleta habari kwamba wanataka kuja Ruiru kubisha hodi kwa ajili yako, Jumamosi ile utakayokuwa umefika likizo. Mzee Gathogo akawaita wazee wenzake ili wapange watakavyowapokea. Wakiwa wamekaa, mmoja wao akauliza, "Msichana gani? Si yule wa mbuzi wa kamera? Huyo alishakatiwa hapa hapa. Mimi mwenyewe nilikula mbavu." Watu wakatazamana. Hakuna aliyeweza kusema kwamba mbuzi hakukatwa, kwa sababu wote walikuwepo na wote walikula.

Sasa wamekwama. Wanasema boma haliwezi kupokea pombe ya watu wengine kwa ajili ya msichana ambaye mbuzi wake ameshaliwa. Wanasema pia kwamba huenda ulikuwa mchezo, na kama ulikuwa mchezo basi mimi nipeleke mbuzi mwingine wa kufunga jambo hilo, kila mtu aende zake. Lakini nani aseme ulikuwa mchezo? Mzee Gathogo amesema utaulizwa wewe. Utaulizwa Jumamosi hiyo hiyo, kwenye viti, wageni wakiwa wameketi na mama yako akiwa jikoni anasikiliza. "Hayo si mambo ya simu," aliniambia. "Atajibu akiwa amesimama pale aliposimama."

Hiyo ndiyo sababu ya barua hii. Nisingetaka usimamishwe mbele ya watu uulizwe swali ambalo hukujua linakuja. Ilishakutokea mara moja.

Unakumbuka tulivyoanza? Mwalimu wetu alitaka mfuatano wa mwanzo tu, dakika chache za kwanza za filamu ambayo si lazima ifike mwisho. Alituambia, "Nionyesheni mlango. Nyumba mtajenga mkishahitimu." Tukakaa kwenye kibanda cha chai nyuma ya chuo, mimi, wewe na Otieno, tukibishana juu ya mlango gani. Otieno alikuwa ameshaamua. Alitaka ngurario, ile sherehe yetu ya Kikuyu ya kukata mbuzi wa ndoa. Alizaliwa Makongeni hapa Thika, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na maisha yake yote amealikwa kula kwenye sherehe za majirani bila kufika pale wazee wanapokaa na kisu. "Mimi kila mara napewa sahani," alisema, "na kila mara naona tu moshi. Wacha siku moja niingize kamera ndani ya moshi."

Alichora shoti zake zote nyuma ya karatasi za mtihani wa zamani. Mbuzi wake alikuwa na mkia mrefu na meno. Ulimuuliza, "Otieno, huyu ni mbuzi ama ni mbwa wenu?"

"Huyu ni mbuzi wa kwetu. Ana kiburi."

Ulicheka mpaka chai ikamwagika kwenye shoti ya pili. Halafu ukachukua kalamu ukaanza kumfundisha, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa ukiandika skripti. Ukamweleza jinsi bwana harusi anavyoletwa mbele ya wanawake waliofunikwa lesso kutoka kichwani hadi miguuni, amchague wake, na akikosea alipishwe faini na kuzomewa. Ukamweleza jinsi mbuzi anavyochomwa, kisha bibi harusi anashika mguu wa mbele na bwana harusi anakata kwenye kiungo cha bega. "Bega likishakatika," ulisema, "hakuna mtu wa kuuliza tena kama hao wameoana." Otieno akaandika: mkono, kisu, moshi.

Kuna jambo ulilolisema siku hiyo ambalo wakati ule nililiona dogo. Otieno alikuwa amesikia mahali kwamba kabla ya yote msichana huulizwa, mbele ya watu, kama pombe ya watu wa mvulana inywewe, yaani kama amekubali kuolewa. Akataka iwe shoti ya kwanza. Ukakataa.

"Hapana. Hilo swali tuliache. Hilo ni la ukweli."

"Kwani kukata mbuzi si kwa ukweli?"

"Mbuzi ni nyama," ulisema. "Swali ni mimi."

Otieno aliinua mikono akasema sawa, mwandishi amesema. Mimi nilikuwa nahesabu betri za kamera. Nimejiuliza mara nyingi tangu wiki jana kama ulinitazama uliposema hivyo, na sikumbuki. Nakumbuka betri.

Mazoezi tuliyafanya kwetu Makongeni. Kelvin, tuliyemteua kuwa bwana harusi, alikata mto uliovalishwa sweta ya mama yangu, kisu chake kikiwa rula. Wewe ulishika mkono wa sweta. Mama alipita na beseni la nguo akamwambia, "Kijana, unakata kama mtu anapaka mkate siagi. Huyo msichana atazeeka ameshika mguu." Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni na ratiba yangu. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kila mtu anafika, kila kitu kinakuwepo, na hakuna kinachosahaulika. Hata wakati huo nilikuwa karani.

Na kweli hakuna kilichosahaulika. Hilo ndilo linalonichanganya zaidi. Tulitafuta boma lenye uwanja, ukatupatia la Mzee Gathogo pale Ruiru, lile lililozungukwa na maghorofa, na yeye ndiye aliyesimama mahali pa baba yako tangu baba yako afariki. Tulihitaji wazee, akawaita wazee wenzake. Tulihitaji mbuzi, na baba yangu mdogo, Ndung'u, akasema yeye anao, atamleta mwenyewe kwa pikapu. Nilijivuna. Nilimwambia Otieno kwamba tumepata kila kitu bila kuhangaika. Sasa naona tulikuwa tumepata baba wa msichana, wazee wa msichana, boma la msichana na mbuzi kutoka zizi la watu wa mvulana. Alikuwa amebaki mvulana peke yake.

Unajua Kelvin hakuja. Mtihani wake wa kurudia ulisogezwa ukawa asubuhi ile ile. Tulikuwa tumeshapanga viti, moshi umeshaanza, watoto wa maghorofa wamejaa kwenye baraza za juu wakipiga miluzi. Otieno alizunguka uwanja mzima akitutazama mmoja mmoja, kisha akaja mpaka kwangu.

"Muriithi, wewe una koti."

"Nina koti kwa sababu kulikuwa na baridi."

"Buda, wewe ndiye mtu wa pekee hapa mwenye koti. Simama pale."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa bwana harusi, Nyambura. Kwa sababu ya baridi. Na nilipokutazama, nikitumaini utamkatalia, wewe ulikuwa unafungwa lesso na shangazi zako, ukasema tu, "Afadhali huyu, hajapaka mafuta mengi kama Kelvin."

Baba Mdogo Ndung'u alipoambiwa nimechukua nafasi ile, alivua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena vizuri. "Kwa hivyo leo mimi ni mzazi?"

"Ndiyo, Ankal. Igiza mzazi," Otieno akamwambia.

"Hapo sina haja ya kuigiza."

Wazee nao walikuwa wametushinda. Kila walipoona kamera walikaa wima kama watu wa picha ya kitambulisho. Walipopewa maneno ya skripti waliyasema kama watoto wanaokariri shairi siku ya wazazi. Otieno alirudia, akarudia. Jua likapanda, malori ya mawe yakaanza kupita nje ya ukuta, na mimi niliyekuwa nashika kile kifuniko cha kioo cha gari tulichotumia kurudisha mwanga sikuwepo tena kukishika. Mwishowe akakata tamaa. Alikunja skripti akaitia mfukoni.

"Wazee wangu, sahauni kamera. Fanyeni tu vile mnafanya siku zote."

Mzee Gathogo akauliza, "Vile tunafanya siku zote?"

"Vile vile, Mzee."

"Haya. Lakini ujue sisi hatujui kufanya nusu."

Kila mtu alicheka. Mimi pia nilicheka. Nimeirudia sentensi hiyo kichwani mpaka imeisha ladha. Je, alikuwa anatuonya? Au alikuwa mzee anayejisifu tu? Nilitamani kumuuliza aliposimama pale ofisini, na badala yake nikamuuliza kama atakunywa chai.

Sehemu ya lesso ulikuwa umeiandika vizuri sana. Bwana harusi alitakiwa kwanza amchague shosho yako, bikizee badala ya bibi harusi, lesso ifunuliwe, shosho atoe ulimi, watu wapasuke mbavu. Halafu amchague mwingine, akosee tena. Halafu ndipo akupate. Na ili kamera isihangaike, ulikubaliana na Otieno kwamba utavaa raba nyeupe. Lakini shangazi zako walikuwa wamesikia. Tulipotokea, wanawake wote walikuwa pekupeku, na viatu vimerundikwa pembeni. Mmoja akanipigia kelele kutoka chini ya kitambaa, "Bwana harusi wa ukweli hatafuti viatu!"

Nilikuwa naujua mstari wangu. Ulikuwa kwenda kwa shosho, wa kwanza kushoto. Nilianza kwenda. Halafu nikaona mmoja katikati ambaye mabega yake yalikuwa yanatikisika kidogo, na kidole gumba cha mguu wake kimepanda juu ya mwenzake, vile wewe hufanya ukizuia kicheko darasani. Mkono wangu ukaenda huko. Sijui kwa nini. Ulipofunuliwa, vigelegele vilipigwa hadi juu kwenye maghorofa, na Otieno akapiga kelele kutoka nyuma ya kamera.

"Kata! We, Muriithi! Ulifaa kumchagua shosho! Shosho ndiye kichekesho!"

"Nimesahau," nikasema.

Shosho yako akajifunua mwenyewe. "Mimi ningekuwa yeye pia ningesahau," akasema. "Niangalie mimi, halafu mwangalie huyo."

Wazee walikataa kurudia. Walisema mtu akishachagua, amechagua, na kumfunika tena msichana ni kumtakia mabaya. Otieno alinung'unika, lakini moshi ulikuwa mzuri na mbuzi ameshaiva, na mbuzi alikuwa mmoja. Hilo lilikuwa tatizo kubwa la ratiba yangu tangu mwanzo: mto unaweza kuukata siku nzima, bega la mbuzi linakatwa mara moja. Kila mtu alijua kwamba kuanzia hapo hakuna kusimamisha kamera.

Ndipo Mzee Gathogo akainuka na pembe.

Katika mpango wetu, ndani ya pembe ile kungekuwa na uji mwepesi. Lakini wazee walikuwa wamekuja na muratina yao, pombe ya kweli, kwenye mtungi, na nilipoinusa ikipita nilijua. Mzee alikuja akasimama mbele yako. Hakutazama kamera hata kidogo. Akakuita kwa jina lako la kweli, siyo lile la kwenye skripti, akakuuliza kwa Kikuyu, mbele ya watu wote, kama pombe hii inywewe.

Nilikuwa nimesimama karibu nawe hivi kwamba niliweza kusikia pumzi yako. Nilijua kwamba hilo ndilo swali ulilolikataa. Nilijua kamera inakwenda. Nilijua mbuzi ni mmoja. Na wewe hukumtazama mzee wala Otieno. Ulinitazama mimi. Sijui ni kwa muda gani. Halafu ukasema, "Nyweni."

Ukaonja, ukanipa pembe. Hakuna aliyekuwa ameandika kwamba mimi ninywe. Nilikunywa.

Mengine yalikwenda haraka. Ulishika mguu, ukaninong'oneza, "Sasa usipake siagi," na nikakata, na bega likaachia kwa mara moja kana kwamba nimefanya kazi hiyo miaka yote. Ukapewa masikio ya mbuzi, fungu la bibi harusi, nikapewa kisu nikifute. Baba Mdogo Ndung'u alikuwa analia. Nilidhani ni moshi. Otieno alikuja mbio akatukumbatia wote wawili. "Hiyo! Hiyo ndiyo shoti! Nyambura, hiyo ya 'nyweni' uliitoa wapi?"

"Imetoka tu," ulisema.

Imetoka tu. Nimeyageuza maneno hayo mawili pande zote kama mtu aliyeokota ufunguo asiojua ni wa mlango gani. Tuliporudi Thika wewe ulikaa mbele na Baba Mdogo, mimi nyuma ya pikapu na stendi ya kamera. Kupitia kioo niliona kichwa chako tu. Ulishuka Kamenu kwa mama yako, ukanipungia mkono, ukasema, "Lala salama, mzee wa nyumba." Nikacheka nikakujibu, "Na wewe, mama watoto." Tukaendelea hivyo hivyo wiki baada ya wiki, kwenye ujumbe, mbele ya watu, mpaka ukapata kazi Kigali. Kila mmoja wetu alikuwa anatania. Angalau mimi nilidhani natania. Siku ya kuondoka kwako nilikuja kukusindikiza na koti lile lile, na nikazungumza juu ya uzito wa mizigo.

Filamu haikuendelea. Tulipata alama nzuri, na kwenye ukurasa wa mwisho wa skripti Otieno alikuwa ameandika, "Kisha tutaona." Mpaka leo hajaona.

Sasa nikuambie nilivyo, ingawa sijui nilivyo. Nilimwendea Otieno, nikamuuliza kama jambo la mtu mwingine. Akaniambia, "Buda, ni filamu. Kwenye filamu watu hufa, halafu wanaenda kula chapati." Nikapumua. Jioni nikamuuliza mchungaji wetu, naye akanituliza akisema hakuna ndoa pasipo nia. Nilitoka pale nikiwa mwepesi, na kabla sijafika barabarani nikawa mzito kuliko nilivyoingia, kwa sababu nia ndiyo hasa nisiyoijua. Yako siijui. Yangu, nikikaa nayo, hubadilika kabla chai haijapoa.

Mama yangu yeye hana shida yoyote. Picha ile tuliyopigwa na shangazi yako, mimi na wewe tumeshika mguu wa mbuzi, ipo ukutani sebuleni tangu wakati ule. Wageni wakiuliza, husema, "Huyo ni Nyambura wetu, yuko Kigali." Nilimwambia aitoe. Akaniuliza, "Nikiitoa niweke nini?" Na nimegundua kwamba yeye na mama yako hukutana sokoni na kuitana muthoni, tangu lini sijui, na kwamba wote wawili wanadhani sisi tunachelewesha tu.

Nina klipu ile kwenye simu. Naitazama wakati wa chakula cha mchana, sauti ikiwa chini kabisa. Nilidhani nitauona uso wako uliposema neno lile na nitajua. Lakini Otieno alikuwa amevuta kamera karibu na pembe. Pembe inaonekana vizuri, hata mkwaruzo wake unauona, na vidole vya Mzee. Uso wako uko nyuma, ukungu mtupu. Mtu aliyeuona ni mimi peke yangu, na mimi si shahidi mzuri. Siku nyingine nakumbuka macho yaliyokuwa yanasema, nisaidie, tuimalize hii shoti. Siku nyingine nakumbuka macho mengine kabisa. Yote mawili nayaona wazi kama mchana, na hayawezi kuwa ya kweli yote.

Naogopa, Nyambura. Naogopa Mzee Gathogo na naogopa Jumamosi hiyo. Namwogopa hata yule rafiki yako ambaye simjui na hajanikosea. Kuna asubuhi naamka nikiwa mume wa mtu, nawaza nyumba, nawaza kwamba sijui hata unapenda kulala upande gani. Kuna asubuhi naamka nikiwa karani tu wa chakula cha ng'ombe, hakuna mbuzi, hakuna kitu, na hizo ndizo asubuhi ninazokawia kutoka kitandani. Sijui hiyo inamaanisha nini. Nakuandikia kama ilivyo.

Ila kitu kimoja nimeshakiamua. Ukinieleza kwamba ulijibu vile ili kuiokoa shoti, sitauliza swali la pili. Nitamwomba Baba Mdogo Ndung'u mbuzi mwingine, twende naye Ruiru kabla wewe hujafika, na mimi mwenyewe nitasimama mbele ya wazee niseme kwamba ulikuwa mchezo. Nitatetemeka, lakini nitasema. Wageni wako watapokelewa kwa heshima, na hakuna atakayekuuliza lolote. Usione vibaya kunituma. Ni kazi ninayoiweza.

Sasa shika namna ya kunipata, na tafadhali uifuate vile nilivyoipanga.

Usipige simu ya ofisi, kwa maana huipokea mwenzangu aliyesikia neno muthoni na bado ananisumbua nalo. Usimpe Otieno ujumbe. Kama ulikuwa mchezo, nitumie neno moja tu kwenye simu yangu, "Mchezo," wakati wowote kabla hujapanda basi la kuja. Nitaelewa, nitafuta, na siku ile ile nitakwenda kwa Baba Mdogo.

Kama haukuwa mchezo, usiandike chochote. Ukifika kwa mama yako Kamenu, mwambie unaenda mjini kununua kitu. Njoo kiwandani wakati wa chakula cha mchana, lakini usije kwenye lango kubwa la malori. Zunguka hadi lango dogo la nyuma, lenye mama anayeuza githeri. Hapo kuna askari mrefu, mtu wa Kakamega, mpole ingawa ana sauti nzito. Mwambie unamtaka Muriithi wa stoo. Hamruhusu mgeni yeyote kabla hajamuuliza swali lake, "Wewe ni nani wake?", na jibu analopewa hulipaza kwa sauti ile kuelekea ndani ili mtu atoke. Mjibu unavyoona wewe. Nitakuwa nimekaa karibu na mlango, nasikiliza.

Wako wa Makongeni,
Muriithi